Helikopta ya Rafadha Pacha na Jicho la Rubani Asiyepanda

Kurusha chombo angani bila kukipanda si jambo geni tena. Jambo gumu zaidi, na lenye mafunzo mengi kwa mwanafunzi wa fizikia, ni kukirusha huku macho ya mrushaji yakiwa ndani ya chombo hicho. Kamera ndogo hufungwa puani mwa helikopta. Picha husafirishwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kioo au miwani ya picha aliyovaa mtu aliyesimama chini. Naye huongoza chombo kana kwamba ameketi mbele yake. Urushaji wa namna hii waweza kuitwa urushaji kwa jicho la rubani.

Tangu kati ya miaka ya 2000, helikopta ndogo za umeme zenye rafadha mbili juu ya mhimili mmoja zimeuzwa kwa wingi kwa wanaoanza kujifunza. Sifa yake kubwa ni utulivu. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi walipotaka kujaribu kuona kwa jicho la chombo, helikopta ya rafadha pacha ndiyo iliyowajia kwanza akilini. Je, utulivu huo unatoka wapi? Na ni gharama gani inayolipwa ili kuupata? Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha somo hili, na majibu yake yanatokana na kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma.

Msokoto na namna ya kuufuta

Kanuni ya tatu ya Newton yasema kwamba kila tendo lina tendo-jibu lililo sawa nalo na lenye mwelekeo wa kinyume. Mota ya helikopta inapoizungusha rafadha upande wa kulia, rafadha nayo hukisukuma kiwiliwili cha chombo kizunguke kushoto. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila helikopta yoyote. Mwanafunzi na aketi kwenye kiti kizungukacho, ashike gurudumu la baiskeli ambalo ekseli yake imesimama wima, kisha alizungushe kwa nguvu kwa mkono wake mwenyewe. Kiti kitaanza kugeuka upande ulio kinyume. Kiti hicho ndicho kiwiliwili cha helikopta isiyo na mkia.

Helikopta za kawaida huuzuia msokoto huo kwa rafadha ndogo ya mkiani inayosukuma hewa kwa upande. Njia hiyo inafaa, lakini ina dosari zake: nishati inayotumika mkiani hainyanyui chombo hata kidogo, na kila rubani anapoongeza nguvu ya rafadha kuu hana budi kurekebisha mkia papo hapo. Anayejifunza huona helikopta yake ikijizungusha kama pia kabla hajajua alilokosea.

Njia ya pili ni kuweka rafadha mbili, moja juu ya nyingine, zizunguke kwa pande zinazopingana. Msokoto wa moja hufuta msokoto wa nyingine, na mkia hauhitajiki. Wazo hili ni la kale kuliko ndege yenyewe. Mwaka 1754 Mikhail Lomonosov aliwaonyesha wanachuo wa Chuo cha Sayansi cha Urusi mfano mdogo ulioendeshwa kwa springi, wenye rafadha mbili za namna hiyo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1784, Wafaransa Launoy na Bienvenu waliunda wao mfano wa manyoya ya ndege na upinde uliokazwa, ukapaa kweli. Mwaka 1930 Mwitalia Corradino D'Ascanio aliirusha helikopta kamili ya rafadha pacha kwa karibu dakika tisa, jambo ambalo kwa siku zile lilikuwa ajabu. Baadaye kiwanda cha Kamov cha Urusi kiliufanya muundo huo kuwa alama yake, hasa kwa helikopta za melini, kwa kuwa chombo kisicho na mkia mrefu hutua kwa urahisi kwenye sitaha finyu.

Jinsi helikopta ndogo ilivyotengenezwa

Katika helikopta ndogo ya kuchezea, muundo huu umerahisishwa mno. Kuna mota mbili za umeme. Moja huzungusha rafadha ya chini kwa kupitia mrija. Ya pili huzungusha rafadha ya juu kwa kupitia fito inayopita ndani ya mrija huo. Mrushaji anapotaka kupaa, mota zote mbili huongezewa kasi. Anapotaka kugeuza pua ya chombo kulia au kushoto, mota moja huongezewa na nyingine hupunguziwa. Misokoto miwili huacha kulingana, na chombo hugeuka bila kupanda wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Jairoskopu ndogo ya kielektroniki hulinda mwelekeo wa pua usiyumbe wenyewe.

Kwenda mbele, nyuma au pembeni ni kazi ya rafadha ya chini peke yake. Chini yake kuna kisahani kinachoinamishwa na vimota viwili vya usukani, na kuinama kwake hubadilisha pembe ya mapanga yanapopita upande mmoja na upande mwingine. Rafadha ya juu haiguswi na mrushaji hata kidogo. Hiyo imeunganishwa na kijiti chenye vizito viwili nchani, kinachozunguka pamoja nayo. Hapo ndipo palipo na siri ya utulivu.

Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hupinga kubadilishwa uwanda wake wa mzunguko. Chombo kinapoinamishwa kwa bahati mbaya, kijiti hubaki kikizunguka katika uwanda wake wa awali kwa muda. Tofauti kati ya kijiti na kiwiliwili huvuta viungo vidogo vinavyobadilisha pembe ya mapanga ya juu, na mapanga hayo hukirudisha chombo wima. Hakuna kompyuta inayohusika. Ni vyuma, plastiki na kanuni ya jairoskopu.

Wapo wanaodhani kwamba helikopta hizi hutulia kwa sababu kiwiliwili chake kinaning'inia chini ya rafadha kama timazi la fundi mwashi. Dhana hiyo inavutia lakini si sahihi. Timazi huning'inia kwenye uzi uliofungwa mahali pasipohama. Helikopta haikufungwa popote: inapoinama, kani inayoinyanyua huinama pamoja nayo, ikiendelea kupita kwenye kitovu cha uzito, na hakuna momenti yoyote ya kukirudisha chombo mahali pake. Mwanafunzi achore mchoro wa kani mbili, ya uzito na ya rafadha, atajionea mwenyewe. Bila kile kijiti cha juu, chombo kingezidi kuinama hadi kianguke.

Uzito wa jicho

Sasa kamera na ifungwe. Kamera ndogo pamoja na mtambo wake wa kurushia picha na waya zake huweza kuwa na gramu 30 hivi. Gramu 30 ni kitu gani? Kwa helikopta yenye gramu 230 ni kitu kikubwa.

Nadharia ya kani na hewa yaeleza kwamba helikopta hujinyanyua kwa kuisukuma hewa chini. Nguvu ya chini kabisa inayohitajika ili chombo kielee mahali pamoja hupatikana kwa kanuni hii:

P = W × √(W / 2dA)

Hapa P ni nguvu kwa wati, W ni uzito kwa nyutoni, d ni densiti ya hewa, na A ni eneo la duara linalofagiwa na rafadha. Yafaa izingatiwe kwamba katika helikopta ya rafadha pacha eneo hilo lihesabiwe mara moja tu ingawa rafadha ni mbili, kwa kuwa rafadha ya chini hufanya kazi ndani ya hewa ambayo ya juu imekwisha kuisukuma. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya kuufuta mkia.

Na ichukuliwe helikopta ya kilo 0.23 yenye rafadha za kipenyo cha mita 0.34. Uzito wake ni nyutoni 2.25 hivi, eneo lake ni mita za mraba 0.091, densiti ya hewa ya pwani na iwe kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kipeuo cha pili cha kiasi kilicho chini ya alama ya mzizi kinatoa 3.2, nayo ni kasi, kwa mita kwa sekunde, ambayo hewa inasukumwa nayo chini inapopita kwenye rafadha. Kuzidisha kwa uzito kunaleta wati 7 na kidogo.

Betri ya kawaida ya helikopta hiyo ina volti 7.4 na uwezo wa ampea-saa 0.8, yaani nishati ya wati-saa 5.9. Kama kungekuwa hakuna kinachopotea, ingeelea kwa zaidi ya dakika 45. Kwa kweli huelea kama dakika 10 tu. Kwa hiyo inatumia wati 35 hivi, na ni sehemu moja tu kati ya tano inayofanya kazi inayokusudiwa. Zilizosalia humezwa na joto la mota, msuguano wa giya na ukinzani wa hewa kwenye mapanga madogo. Hesabu hii fupi inafundisha mengi kuliko matangazo ya wauzaji.

Gramu 30 zikiongezwa, uzito unakuwa mara 1.13 ya ule wa kwanza. Lakini nguvu haiongezeki kwa kiasi hichohicho: inaongezeka kwa 1.13 mara mzizi wa 1.13, yaani mara 1.20. Ongezeko la asilimia 13 la uzito linadai asilimia 20 ya nguvu, na dakika 10 za kuruka zinashuka kuwa dakika 8 na theluthi. Mrushaji akijibu kwa kufunga betri kubwa zaidi, betri nayo ina uzito wake, na mota zinaweza kuungua kabla faida haijaonekana.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini chombo kilichorushwa vizuri Dar es Salaam kinaweza kulegea Nairobi. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 densiti ya hewa hupungua hadi kilo 1.04 hivi kwa mita ya ujazo, na nguvu inayohitajika huzidi kwa karibu asilimia 7. Kamera ikiongezwa juu ya hayo, kinachobaki ni kidogo.

Mahali pa kufunga kamera pia si pa kubahatisha. Kamera iliyofungwa puani huvuta kitovu cha uzito mbele, na helikopta huenda mbele yenyewe muda wote. Dawa yake ni kusogeza betri nyuma mpaka chombo, kikishikwa kwa kijiti cha juu, kikae sawasawa bila kuinamia upande wowote. Kusahihisha kosa hilo kwa usukani badala ya betri ni kulificha tu, kwa kuwa vimota vya usukani vitakuwa vimekwisha kutumia sehemu ya uwezo wao kabla safari haijaanza.

Upepo

Utulivu wa helikopta ya rafadha pacha ni utulivu wa mkao, si utulivu wa mahali. Tofauti hiyo huwapita wengi. Mtumbwi uliotulia juu ya mto haupinduki, lakini mkondo unauchukua. Ndivyo ilivyo kwa chombo hiki: kijiti cha juu hukiweka wima, upepo nao hukibeba kikiwa wima vilevile.

Ili kushindana na upepo, helikopta lazima iiname kuuelekea, na kijiti kinachoipa utulivu ndicho kinachoizuia isiiname sana. Kwa sababu hiyo mwendo wake wa juu kabisa ni kama ule wa mtu anayetembea haraka au anayekimbia polepole. Upepo unaotikisa majani ya mwembe unatosha kuichukua. Mrushaji akilazimisha kwa kugeuza usukani ghafla, rafadha ya chini huinama mara moja ilhali ya juu, ikitii kijiti chake, huchelewa. Nafasi kati ya mapanga hupungua upande mmoja, na mara nyingine hugongana. Mapanga yaliyogongana angani hayana tiba.

Kwa hiyo mahali pake hasa ni ndani: ukumbi wa shule, ghala, bwalo la chakula wakati halina watu. Humo kasi ndogo si dosari. Humo ndimo chombo hiki kinapowashinda wengine waendao mbio, kwa kuwa jicho la anayejifunza linahitaji muda wa kuelewa linachokiona.

Picha na muda wake

Mawimbi yanayotumika kuongoza vyombo hivi kwa kawaida ni ya gigahezi 2.4, na ya picha ni gigahezi 5.8. Kasi ya mwanga ikigawanywa kwa marudio hayo, urefu wa wimbi unakuwa sentimita 12.5 na sentimita 5.2. Marudio hutenganishwa makusudi: mtambo wa picha hurusha mfululizo bila kupumzika, nao umefungwa sentimita chache tu kutoka kwenye kipokezi cha maagizo, laiti wote wangetumia marudio mamoja, maagizo kutoka chini yangezama kama sauti ya mtu anayeongea kando ya ngoma. Wimbi fupi la sentimita 5 lina hasara yake pia, kwani huzuiwa kwa urahisi na ukuta wa zege, na hata na mwili wa mtu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji. Mrushaji akigeuka na kukipa chombo kisogo, picha yaweza kujaa chengachenga.

Jambo kubwa zaidi ni muda. Kamera ya mfumo wa televisheni wenye picha 25 kwa sekunde hukamilisha picha moja kila baada ya milisekunde 40. Mitambo ya kidijitali huongeza muda wa kuibana na kuifungua picha hiyo. Uchelewaji wote ukiwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, chombo kinachokwenda mita 2 kwa sekunde kitakuwa kimekwisha kupita sentimita 20 mbele ya mahali kinapoonekana kuwa. Chombo cha mita 20 kwa sekunde kitakuwa kimepita mita 2. Mrushaji huongoza kilichokuwapo, si kilichopo. Helikopta ya polepole humsamehe. Ya mbio haimsamehi.

Kuna vitu vingine ambavyo kamera haimletei mrushaji. Rubani aliyeketi ndani ya ndege huhisi kwa mwili wake anaposukumwa kando. Aliyesimama chini hahisi chochote, na sikio lake la ndani humwambia kwamba hajasogea ilhali macho yanamwambia amegeuka. Wengine hupatwa na kizunguzungu, na ni vema waanze wakiwa wameketi. Kamera moja haitoi kina cha vitu kama macho mawili yanavyotoa. Zaidi ya hayo, pembe ya kuona ni finyu: ukuta ulio kando, waya ulio juu na mtoto anayeingia mlangoni haviko katika picha. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi humtaka anayerusha kwa miwani awe na mwenzake kando yake, anayekitazama chombo kwa macho yake mwenyewe bila kifaa. Kenya na Tanzania mamlaka za usafiri wa anga zina kanuni zake kuhusu vyombo visivyo na rubani, na mwalimu anayefikiria kukipeleka chombo nje ya ukumbi hana budi kuuliza kwanza.

Mfano wa baharini

Kuona kwa jicho la helikopta ya rafadha pacha hakukuanza na vitu vya kuchezea. Katika miaka ya 1960 Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na helikopta isiyo na rubani iliyoitwa QH-50, iliyoundwa na kampuni ya Gyrodyne huko Long Island, New York. Rafadha zake pacha zilikuwa na kipenyo cha mita 6 hivi. Ilichaguliwa kwa sababu ileile ya Kamov: meli za wakati ule zilikuwa na sitaha ndogo, nayo haikuhitaji mkia. Kazi yake ilikuwa kubeba topido hadi mahali ambapo nyambizi ilishukiwa kuwapo. Iliundwa kwa mamia.

Mwanzoni haikuwa na jicho. Mtu mmoja aliyesimama sitahani aliipaisha na kuitua kwa kuitazama. Ilipokwenda mbali, mwingine aliyekuwa ndani ya meli aliiongoza kwa kufuata nukta kwenye kioo cha rada. Nukta haisemi kama chombo kimeinama, wala kama kinashuka kuelekea majini. Helikopta nyingi sana za aina hiyo zilipotea baharini. Wakati wa vita vya Vietnam baadhi yake zilifungwa kamera za televisheni, zikatumwa kuangalia mahali mizinga ya meli ilipoangukia, na picha zikapokewa melini papo hapo. Tofauti kati ya nukta ya rada na picha ya televisheni ndiyo tofauti kati ya kujua chombo kiko wapi na kujua kinafanya nini.

Mahali ambapo jicho la mtu halifiki

Helikopta ya rafadha pacha iliyokwenda mbali kuliko zote ni Ingenuity ya shirika la NASA. Ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, katika kreta ya Jezero kwenye sayari ya Mirihi.  Uzito wake ulipimwa kwa tungamo la kilo 1.8, na rafadha zake zilifagia duara la kipenyo cha mita 1.2. Safari hiyo ya kwanza ilidumu sekunde 39.

Kanuni ya nguvu iliyotolewa hapo juu inafaa huko pia. Mvutano wa Mirihi ni kama 0.38 ya ule wa dunia, jambo ambalo ni nafuu. Lakini densiti ya hewa yake haifiki hata sehemu mbili kwa mia ya hewa ya pwani. Densiti ikichukuliwa kuwa kilo 0.017 kwa mita ya ujazo, hesabu inatoa karibu wati 88, ilhali duniani helikopta hiyohiyo ingehitaji wati 45. Uzito umepungua kwa zaidi ya nusu, nguvu imeongezeka maradufu. Hiyo ndiyo sababu mapanga yake yalizungushwa zaidi ya mara 2,400 kwa dakika.

Je, mtu aliyeko duniani angeweza kuirusha kwa jicho la rubani? Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 hivi kufika kutoka Mirihi, kwa kutegemea mahali sayari mbili zilipo. Picha ingefika chombo kikiwa kimekwisha kuanguka kitambo, na agizo la kukiokoa lingehitaji muda uleule kurudi. Kwa hiyo jicho liliunganishwa na kompyuta ya chombo chenyewe. Kamera iliyotazama chini ilipiga picha 30 kwa sekunde. Kompyuta ilifuata vijiwe na madoa ya ardhi kutoka picha moja hadi nyingine, ikakadiria mwendo.

Hata hivyo tatizo la muda lilimfuata mbunifu hadi huko. Katika safari ya sita, mwezi Mei 2021, picha moja tu ilipotea njiani kati ya kamera na kompyuta. Picha zote zilizofuata zikawa na saa isiyo sahihi. Kompyuta iliamini inaona sasa, kumbe inaona kilichotokea punde kabla. Ikasahihisha makosa yasiyokuwapo, na chombo kikaanza kuyumba mbele na nyuma. Kilisalimika kwa kuwa kilikuwa na utulivu wa kutosha, na kwa kuwa kiliundwa kiache kutumia picha wakati wa kutua.

Ingenuity iliruka mara 72. Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 18 Januari 2024, juu ya matuta ya mchanga laini. Jicho lilikuwa zima, muda ulikuwa sahihi, lakini mchanga ulifanana kote na kompyuta haikupata alama za kutosha za kufuata. Chombo kilitua kikiwa na mwendo wa pembeni kilichodhani hakina, na mapanga yakavunjika.

Majaribio ya darasani

Majaribio mawili yanafaa kufanywa hata na shule isiyo na helikopta. La kwanza ni kupima uchelewaji: simu mbili ziunganishwe kwa mazungumzo ya picha, kamera ya simu ya kwanza ielekezwe kwenye saa inayohesabu sehemu za sekunde, na simu ya pili iwekwe kando ya saa hiyo. Kisha saa na kioo cha simu ya pili vipigwe picha moja kwa pamoja. Tofauti ya namba mbili zinazosomeka ndiyo uchelewaji. La pili ni mwanafunzi mmoja kubeba simu kifuani na kutembea katikati ya madawati akiwa amefumba macho, akiongozwa kwa sauti na mwenzake aliye chumba cha pili anayetazama kioo tu. Mwalimu atembee kando yao kama mtazamaji, tayari kusimamisha jaribio. Mwendo uongezwe kidogo kidogo na migongano ihesabiwe. Kisha darasa likokotoe, kwa uchelewaji uliopimwa katika jaribio la kwanza, ni kwa kasi gani mtembeaji hupita nusu mita kabla kiongozi wake hajaiona.